Hicho Kifuniko cha Rejeta Si Kifuniko cha Sufuria

Wasee, leo nimekuja na ugomvi. Na nimechagua kugombana juu ya kitu kidogo kinachotoshea kwenye kiganja, chenye mbawa mbili, ambacho wengi wenu mnaoendesha gari hamjawahi kukigeuza mkaona upande wake wa chini: kifuniko cha rejeta.

Najua mnachosema. "Huyu ameishiwa na maneno, sasa anatuletea mambo ya gereji." Sawa. Lakini pita Kinungi Jumapili jioni, watu wakirudi Nairobi kutoka Nakuru na Naivasha, uangalie gari zilizoegeshwa kando ya barabara. Boneti juu, mvuke unatoka, na kuna jamaa ameshika chupa ya maji anaiangalia injini kama mtu anayeangalia mgonjwa mahututi. Kila mtu ndani ya hiyo gari ana maelezo yake. Ni jua. Ni mlima. Ni mzigo. Gari za siku hizi ni mbaya. Hakuna hata mmoja anayetaja kifuniko.

Hoja yangu ni hii. Tunaua injini nzima, na tunachoma watu nyuso, kwa sababu tumekubali uongo mmoja: ati kazi ya hicho kitu ni kuzuia maji yasimwagike. Hiyo ni valvu ya presha. Ina nambari yake, ina umri wake, na inachoka kama kitu kingine chochote chenye springi na mpira. Na anayelipia huo uongo si fundi. Ni wewe.

Githeri inaelewa hii kitu kukuliko

Muulize mamako kwa nini anapenda ile sufuria ya presha kwa kupika githeri. Maharagwe yanaiva haraka kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani, presha inapanda, na presha ikipanda maji yanakataa kuchemka kwa joto la kawaida. Yanazidi kupata moto kabla ya kuanza kutoa mapovu. Hiyo ndiyo siri yote. Rejeta ya gari yako inafanya kitu kilekile, na kifuniko ndicho kinachoshikilia hiyo presha.

Sasa hapa ndipo Wakenya wa bara tunapaswa kukaa kitako tusikize. Darasani tuliambiwa maji yanachemka kwa nyuzi 100. Ni kweli, ukiwa Mombasa, usawa wa bahari. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka mapema. Nairobi iko juu ya bahari kwa kama mita 1,700, kwa hivyo maji yaliyo kwa sufuria wazi yanachemka karibu nyuzi 94. Timboroa, ambako barabara inapita mita 2,700, ni kama nyuzi 91.

Linganisha na injini. Thamostati za gari nyingi zinafunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Feni ya umeme kwenye gari nyingi inaanza kuzunguka joto likiwa nyuzi tisini na kitu. Unaona shida? Kama kifuniko chako kimekufa na hakishiki presha, na ndani umeweka maji matupu, basi ukiwa Waiyaki Way kwa jam maji yako yanaweza kuanza kuchemka hata kabla feni haijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Injini haina kosa. Feni haina kosa. Ni springi ya shilingi mia chache imelala.

Angalia juu ya kifuniko chako. Kwa gari nyingi za Kijapani utapata imeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo si mapambo. Ni presha ambayo valvu inafungukia, kwa kipimo kinachokaribia ile presha ya hewa inayotuzunguka hapa duniani. Ile ya 1.1 ni kama psi 16, yaani karibu nusu ya upepo ulio kwenye tairi lako. Kifuniko kizima cha 1.1, hata hapa Nairobi, kinasukuma maji yako yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 118. Kutoka 94 hadi 118! Nyuzi ishirini na nne za usalama umepewa na kitu ambacho mara ya mwisho kukiangalia ilikuwa... haya, jijibu mwenyewe.

Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia, "Mimi siendi Mombasa, gari yangu haipati joto." Buda, ukiishi Limuru ndio unahitaji hicho kifuniko zaidi ya mtu wa Likoni.

Mlango wa kutoka na mlango wa kurudi

Kigeuze uone. Kuna springi kubwa inayosukuma mpira wa duara. Huo ndio mlango wa kutoka. Maji yakipata moto yanapanuka, presha ikifika ile nambari iliyoandikwa juu, springi inakubali, na maji kidogo yanatoka kupitia kapaipu kembamba kwenda kwenye ile chupa ya plastiki ya pembeni.

Katikati ya huo mpira kuna kivalvu kingine kidogo, kama kitufe. Huo ni mlango wa kurudi. Injini ikipoa, maji yanajikunja, ndani ya rejeta kunabaki nafasi, na kale kavalvu kanafunguka ili maji yanyonywe kutoka kwa chupa yarudi nyumbani. Kila ukizima gari usiku, hii kazi inafanyika kimya kimya. Asubuhi rejeta imejaa tena na hujui kulikuwa na safari.

Sasa hii milango ikiharibika, gari huwa inakuambia. Sisi ndio hatusikii.

Springi ikilegea au mpira ukipasuka, maji yanatoka kabla ya wakati. Utaona ile chupa ya pembeni inajaa hadi kumwagika, huku rejeta yenyewe ina nafasi. Ukifungua asubuhi unashangaa maji yameenda wapi na hakuna mahali panapovuja. Yalienda kwa chupa, na kwa sababu mpira haufungi vizuri, badala ya kunyonya maji, rejeta ilinyonya hewa.

Mlango wa kurudi ukiziba, ile paipu ya mpira ya juu inajikunja na kubonyea injini ikipoa, kama chupa ya soda ya plastiki iliyonyonywa. Wengi wanaona hiyo paipu imebonyea wanakimbia kununua paipu mpya. Wiki moja baadaye mpya nayo imebonyea.

Na mlango wa kutoka ukikwama, usifunguke kabisa, presha inatafuta kwa kutokea kwingine. Itapasua paipu, au itapasua ile sehemu ya plastiki iliyo juu ya rejeta, ambayo kwa gari ya miaka mingi imeshakauka kama biskuti. Hapo unanunua rejeta nzima, na fundi anarudishia kifuniko kilekile kilichoipasua. Nimeona hii kitu kwa macho yangu, na nilibaki kushika kichwa.

Maneno tunayodanganyiwa nayo

Sina vita na mafundi wote. Kuna mafundi wa jua kali wanaoijua injini kama wanavyojua watoto wao, na wengi wamejifunza bila darasa wala vifaa. Vita yangu ni na yale maneno manne ambayo yamegeuka kuwa sheria ya gereji, na sisi tunayameza kwa sababu tunaogopa kuonekana hatujui.

La kwanza: "Boss, kama kinafunga kiko sawa." Hapana. Mbawa zinaweza kushika kwa nguvu huku springi imekufa. Kufunga ni jambo moja, kushika presha ni jambo lingine. Huwezi kujua springi ina nguvu gani kwa kukaza na mkono. Kuna kipimo chake, kapampu kadogo ka mkono chenye geji. Unafunga kifuniko pale, unapiga pampu, unaona kinaachilia kwa presha gani na kama kinashikilia bila kushuka. Ni kazi ya dakika mbili. Gereji inayokulipisha pesa ya kutafuta kwa nini gari inachemka na haina hicho kipimo, inakulipisha kubahatisha.

La pili: "Chukua hiki, zote ni moja." Zote si moja. Ziko za 0.9, ziko za 1.1, ziko ndogo, ziko kubwa, na zinatofautiana kina. Kama kina hakilingani na shingo ya rejeta yako, kifuniko kitazunguka vizuri na kushika vizuri lakini mpira wa ndani hautagusa pale unapopaswa kugusa. Kutoka nje unaona kila kitu kiko poa. Ndani hakuna presha hata kidogo.

Na wale wajanja wanaoweka cha presha kubwa zaidi "ndio gari isichemke," nyinyi pia nisikizeni. Paipu, plastiki na gasketi za gari yako zilipimwa kwa ile nambari ya kiwandani. Ukiweka 1.3 kwa gari ya 0.9, hujaongeza usalama. Umehamisha mahali pa kupasukia.

La tatu: "Weka tu maji, kulanti ni ya watu wa baridi." Kulanti ikichanganywa na maji nusu kwa nusu inapandisha joto la kuchemka kwa nyuzi chache zaidi, lakini kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu. Maji ya bomba, na hasa ya kisima, yana madini. Yakipashwa moto kila siku yanaacha magamba, sawa na yale meupe yaliyo ndani ya birika lenu la chai. Hayo magamba na hiyo kutu vinaenda kukaa wapi? Pale kwenye mpira wa kifuniko na kwenye kale kavalvu ka katikati. Kwa hivyo anayekuambia uweke maji tu, ndiye anayekuua kifuniko, halafu anakuambia kifuniko hakina shida.

La nne: "Tutoe thamostati, hiyo ni ya Japani." Hii sitaichambua yote leo maana inahitaji siku yake. Niseme tu kwamba ukitoa thamostati kuficha ugonjwa wa kifuniko, umetoa king'ora ukaacha moto ukiwaka. Injini sasa inachelewa kupata joto lake la kazi, inakunywa mafuta zaidi, na ile springi iliyolala bado imelala.

Nani analipa?

Turudi kwa pesa, kwa sababu hapa ndipo nakasirika kabisa.

Sheria yetu inaruhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka minane. Wengi wetu tunaletewa yale ya miaka saba, yaliyokaribia mwisho kabisa. Tunayaosha, tunaweka viti vya ngozi, tunabadilisha redio, tunapiga picha. Kifuniko cha rejeta kimekuja nacho kutoka Japani, kimeshapanda na kushuka presha kila siku kwa miaka saba, na sisi tunakiongezea mingine kumi bila hata kukipangusa.

Kifuniko kipya ni shilingi mia kadhaa. Ukitaka kile cha kampuni iliyotengeneza gari, labda utafika elfu moja na kitu. Gari ikichemka vibaya, silinda hedi inapinda na gasketi inaungua. Hapo unalipa kufungua injini, unalipa kusawazisha hedi, unalipa gasketi, unalipa oili mpya, unalipa siku za kukaa bila gari. Ni makumi ya maelfu. Kama uliendelea kuendesha ukisema "nitafika tu," unaanza kutafuta injini ya mtumba, na hiyo hesabu sitaki hata kuiandika hapa.

Sasa fikiria kijana anayefanya kazi ya teksi za programu, gari si yake. Kila wiki anapeleka pesa kwa mwenye gari, ikipita siku mbili bila kazi analala njaa. Gari ikichemka, mwenye gari anasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha." Kijana anasema, "Gari ilikuja hivyo." Hakuna mwenye ushahidi, na anayekula hasara ni yule aliye na nguvu ndogo. Nimewasikia wangapi wakikatwa deni la injini kidogo kidogo, miezi na miezi? Kama wewe ni mmoja wao, nakuomba: siku ya kukabidhiwa gari, kabla ya kuwasha, fungua boneti injini ikiwa baridi. Piga picha ya kifuniko, juu na chini. Piga picha ya maji. Zitume kwa mwenye gari kwa simu siku hiyohiyo. Hiyo picha moja inaweza kukuokolea mshahara wa miezi.

Na wewe mwenye gari unayekodisha vijana gari tatu, nne: unanunua vifaa vya kufuatilia gari iko wapi saa ngapi, lakini kifuniko cha mia chache unasema ni gharama? Tafadhali.

Uanaume wa kufungua gari ikiwa moto

Kuna upande wa hii hadithi ambao si wa pesa.

Maji yaliyo ndani ya rejeta ya gari iliyochemka yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 110 na bado ni maji, kwa sababu yamefungiwa na presha. Ukifungua kifuniko, presha inaondoka kwa ghafla. Maji ambayo hayakuruhusiwa kuchemka yanachemka yote kwa mara moja, na maji yakigeuka mvuke yanapanuka zaidi ya mara elfu moja. Hayamwagiki. Yanaruka. Na yanaruka juu, pale uso wako ulipoinamia.

Halafu kuna ile tabia yetu. Gari imesimama, abiria wanakuangalia, kuna demu kwa kiti cha mbele, na wewe unaona ni aibu kusimama tu ukingoje. Unavua shati, unalikunja, unashika kifuniko. Wasee wanasema, "Fungua pole pole." Hakuna pole pole ya nyuzi 110. Huo si ujasiri, na wale wanaokushangilia kando ya barabara hawatakuwa na wewe ukibadilishwa bandeji.

Fanya hivi badala yake. Zima gari, kaa kando, washa taa za hatari, weka pembetatu. Ngoja nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Gusa kwa tahadhari ile paipu kubwa ya juu ukiwa na kitambaa. Kama bado ni ngumu na imejaa, presha iko, achana nayo. Ikilainika na ikapoa, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, uso wako uwe mbali, zungusha mpaka kituo cha kwanza tu, usikie kama kuna hewa inatoka. Ikinyamaza, bonyeza chini umalizie kuzungusha. Na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Kama mtu ameshaungua: maji safi ya baridi ya kawaida yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Toa pete, saa na nguo ambazo hazijashikana na ngozi. Hakuna dawa ya meno. Hakuna yai, hakuna unga, hakuna samli. Akiungua usoni au machoni, hospitali moja kwa moja.

Kazi ya dakika tano

Mnaniambia mambo mengi, sasa tufanye nini? Hii hapa.

Asubuhi kabla ya kuwasha gari, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko. Angalia mpira. Uwe laini, usiwe na nyufa, usiwe umekauka au umebonyea upande mmoja. Bonyeza springi na kidole, isikie ikirudi kwa nguvu. Vuta kale kavalvu ka katikati kwa kucha, kanapaswa kufunguka na kurudi chap. Kama kamejaa matope ya kutu, umeshapata jibu.

Angalia pia shingo ya rejeta, pale mpira unapokalia. Kukiwa na magamba au pamechubuka, hata kifuniko kipya hakitafunga. Pangusa na kitambaa chenye unyevu, usikwangue na bisibisi.

Ukienda kununua, iwe Kirinyaga Road au duka la mtaani kwenu, enda na kile cha zamani mkononi. Linganisha nambari, upana na kina. Lakini usiamini nambari ya kile cha zamani peke yake, kwa sababu labda mtu wa kabla yako aliweka chochote alichopata. Hakikisha na kitabu cha gari au kibandiko kilicho chini ya boneti. Muuzaji akikuambia "hii ni ya gari yoyote," mwambie asante, uendelee na safari.

Kama gari yako ni ya Ulaya, huenda usipate kifuniko juu ya rejeta kabisa. Kile cha kuzungusha kilicho juu ya chupa ya plastiki ndicho chenye presha, na sheria ya kutofungua ikiwa moto ni ileile.

Kukifunga, bonyeza na uzungushe mpaka mwisho, mbawa zishike kabisa. Angalia tena baada ya siku mbili: je, maji kwenye chupa yako pale pale kila asubuhi? Rejeta imejaa hadi mdomo? Basi umeshinda.

Mtu ataniuliza kila baada ya muda gani. Mimi nasema hivi: umenunua gari ya mtumba, weka kipya siku ya kwanza bila majadiliano. Baada ya hapo kikague kila sevisi, na ukibadilisha kulanti yote, badilisha na chenyewe. Hakuna mtu amewahi kufilisika kwa kununua kifuniko mapema.

Najua mtakachosema

"Kwani gari ikichemka ni kifuniko tu?" La. Inaweza kuwa feni haizunguki, pampu ya maji imekufa, rejeta imeziba, paipu inavuja, au gasketi imeshaungua. Ukiona mapovu yanapanda kwenye rejeta mfululizo, moshi mweupe usioisha, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, kifuniko hakitakuokoa, tafuta fundi wa kweli. Sijasema ndicho chanzo cha kila kitu. Nasema ndicho cha bei rahisi zaidi, cha haraka zaidi kupima, na ndicho cha mwisho kuangaliwa. Tunaanza na kufungua injini, tunamalizia na kifuniko. Huo mpangilio umepinduka, na kuna watu unawafaidi.

"Lakini babangu aliendesha Peugeot 504 miaka ishirini na maji tu." Na mbona hukuuliza alibeba mtungi wa maji wa lita ngapi kwa buti? Wazee wetu walijua gari zao, walisimama, walingoja, walikagua kila asubuhi kabla ya safari. Sisi tumerithi mtungi wa maji tukaacha ukaguzi.

Kwa hivyo sitaki mniambie eti mmependa hii post. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti. Wewe dada ambaye kila siku unaambiwa "achia wanaume," fungua. Wewe kijana unayejua kila nguvu ya farasi ya gari ambayo huna, fungua ya kwenu. Soma ile nambari. Geuza. Bonyeza mpira. Ukipata umepasuka, una jibu la kumpa fundi kabla hajakupa lake. Ukipata ni mzima, umetumia dakika tano na sasa unajua kitu ambacho wengi waliosimama Kinungi hawakijui.